Bastola ya jasusi: hesabu risasi, kisha tazama mikono

Swali: Mimi na wenzangu hatumalizi filamu ya kijasusi bila kubishana. Juzi tumerudia Skyfall. Mmoja anasema kabastola ka James Bond ni mwanasesere tu, mwingine anashikilia kwamba ndiyo silaha halisi ya majasusi. Ubishi ukahamia kwenye kiwambo cha sauti, lile bomba la kupunguza mlio, watu wanaorushwa ukutani kwa risasi moja, na stelingi asiyeishiwa risasi. Nitajuaje, nikiwa nimekaa tu mbele ya skrini, kama mwigizaji amefundishwa kushika silaha au anaishika kama rimoti?

Jibu:

Wenzako wote wawili wana haki kidogo, ila wameanzia pasipo. Aina ya bastola ndiyo iwe ya mwisho kuangaliwa. Filamu yenye fedha hukodi silaha yoyote inayoitaka, lakini mazoea ya mikono hayakodishwi. Mtu aliyefundishwa hujulikana kabla hajafyatua, na hujulikana zaidi akishafyatua, pale kamera inapomganda sekunde mbili tatu akiwa na chuma mkononi na hana la kufanya. Hata hivyo, kwa kuwa ubishi wenu ulianza na bastola yenyewe, tuanze nayo. Ni ndogo, ni maarufu, na ina tabia zake ambazo mtazamaji anaweza kuzikagua kwa macho.

Kampuni ya Walther ya Ujerumani ilitoa PP mwaka 1929 kwa ajili ya polisi, na mwaka 1931 ikatoa mdogo wake, PPK, ya kufichwa ndani ya koti. Urefu wake ni milimita 155, mtutu milimita 83, na uzito bila risasi ni karibu gramu 600. Magazini yake huingia risasi 7 za milimita 7.65, au 6 za milimita 9 fupi. Ile ambayo Bond anakabidhiwa kwenye Skyfall ya mwaka 2012 si PPK kamili, ni PPK/S. Sheria ya silaha ya Marekani ya mwaka 1968 ilizuia kuingizwa nchini bastola fupi kama PPK, kwa hiyo Walther wakachukua kiwiliwili cha PP, ambacho ni kirefu zaidi, wakakipachika mtutu na slaidi (kipande cha juu kinachorudi nyuma kila risasi inapotoka) vya PPK, ikapita. Kishikio kikarefuka kidogo na magazini ikaongezeka nafasi moja: risasi 7 za milimita 9 fupi. Ukijumlisha na moja iliyokwisha kuingia chemba, pale nyuma ya mtutu inapokaa risasi ya kupigwa, unapata 8. Iandike namba hiyo pembeni, tutaihitaji.

Je, ni silaha ya kijasusi? Ndiyo, kwa maana ya kufichika: unaweza kuivaa chini ya suti mchana kutwa na mtu wa meza ya pili asigundue. Si silaha ya kupigania vita vya dakika kumi juu ya paa la treni. Hata ilivyomfikia Bond ni habari inayowahusu nyinyi mnaobishana, kwa sababu ilitokana na ubishi wa aina hiyohiyo. Katika riwaya za mwanzo Ian Fleming alimbebesha jasusi wake Beretta ndogo ya .25. Mwaka 1956 mtaalamu wa silaha kutoka Glasgow, Geoffrey Boothroyd, alimwandikia barua kwamba hiyo ni bastola ya kike na haimfai mtu wa kazi ile. Yeye mwenyewe alipendelea rivolva fupi, bastola ya silinda inayozunguka, ya Smith & Wesson, na PPK aliitaja kwa sharti kwamba lazima iwe bastola ya magazini. Fleming akachukua PPK katika riwaya ya mwaka 1958, na mtunza ghala la silaha akampa jina la Meja Boothroyd. Filamu ya kwanza ilipotoka mwaka 1962, bastola inayoonekana sehemu kubwa ni PP, kaka mtu. Na katika picha mashuhuri za matangazo ya filamu ya pili, Sean Connery ameinua bastola ya upepo ya Walther, ya kulengea shabaha, kwa sababu siku ya kupiga picha bastola yenyewe haikuletwa na mpiga picha alikuwa na hiyo ya kwake. Mtutu wake ni mrefu kupita kiasi. Ukishaijua huwezi tena kuitazama picha ile bila kuiona.

Sasa isogeze picha karibu. Nyuma ya slaidi, PPK ina nyundo inayoonekana kwa nje. Nyundo ikiwa imelala, risasi ya kwanza hutaka kidole kivute kifyatulio kwa mwendo mrefu na mzito, maana kifyatulio chenyewe ndicho kinachoinua nyundo na kuiangusha. Risasi ikitoka, slaidi inarudi nyuma na kuiacha nyundo imekokiwa. Kuanzia ya pili, kifyatulio ni kifupi na chepesi. Mpigaji asiyezoea hukosa shabaha ya kwanza kwa sababu mtutu huyumba kabla nyundo haijaanguka, au ya pili kwa sababu hutoka kabla hajaitarajia. Kwako wewe mtazamaji, nyundo ni shahidi. Sitisha filamu baada ya risasi ya tatu. Kama nyundo imelala, basi kile kilicho mkononi hakijafyatua kitu: ni bandia la mpira, au kipande kile kimepigwa siku nyingine na kuunganishwa.

Akimaliza kupiga, tazama anavyoirudisha kwenye ala. Bastola imebaki imekokiwa na kifyatulio ni chepesi. Upande wa kushoto wa slaidi pana kiwiko kidogo. Kikisukumwa chini kwa kidole gumba, nyundo huanguka salama bila kugusa risasi. Aliyefundishwa hukisukuma bila kufikiri, kama dereva anavyovuta breki ya mkono. Asiyefundishwa huichomeka kiunoni imekokiwa, akakimbia nayo.

Risasi zikiisha, slaidi hubaki nyuma, wazi. Hapo pana mtego mzuri sana wa kuwanasia watengenezaji wa filamu. Bastola nyingi za leo zina kiwiko cha nje cha kuiachia slaidi baada ya kuweka magazini mpya. Unakibonyeza kwa gumba, chaka, umemaliza. PPK haina kiwiko hicho kwa nje. Unaweka magazini yenye risasi, unaivuta slaidi nyuma kidogo kwa mkono wa pili, unaiachia. Mwigizaji akibonyeza kwa gumba mahali pasipo na kitu huku sauti ya slaidi ikisikika, ujue alifundishwa kwa bastola nyingine.

Jambo jingine ni ngozi iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada. Slaidi ya PPK hurudi ikiwa chini, karibu kabisa na mkono. Mwenye mikono minene, au anayeshika juu kupita kiasi, hukatwa mistari miwili ya damu, na watumiaji husema bastola imemng'ata. Ndiyo maana matoleo ya baadaye yaliongezewa mkia wa chuma nyuma ya kishikio. Na juu ya nyundo hutokeza kipini chembamba pale chemba inapokuwa na risasi, kwa hiyo gizani unakipapasa kwa gumba ukajua kama iko tayari. Hakuna haja ya kukoki, yaani kuvuta slaidi nyuma na kuiachia, ili kuhakikisha.

Hilo la kukoki lina uzito, kwa sababu ndilo kosa linalorudiwa kuliko yote. Jasusi anaingia jengoni, anakoki. Anafika mlangoni, anakoki tena. Anamkuta adui, anamwelekezea, halafu anakoki mara ya tatu ili aonekane hana mchezo. Kama chemba ilikuwa na risasi, kila kukoki kungeitupa nje risasi nzima, ikagonga sakafu. Kama haikuwa nayo, maana yake ametembea jengo zima na silaha isiyofyatuka. Mafundi wa sauti nao huongeza mlio wa nyundo kukokiwa hata kwenye Glock, ambayo haina nyundo ya nje kabisa. Glock ina bahati mbaya na filamu: Die Hard 2 ya mwaka 1990 ilitaja Glock 7 ya kauri kutoka Ujerumani isiyoonekana kwenye mashine za uwanja wa ndege. Hakukuwa na Glock 7, kampuni ni ya Austria, na slaidi na mtutu wake ni chuma kinachoonekana vizuri mno kwenye mashine.

Sasa hesabu. Kwenye mabanda ya video ubishi wa risasi zisizoisha ni wa tangu zamani, na ndio rahisi kuliko wote kuumaliza, maana unahitaji vidole vyako tu. PPK/S ya milimita 9 fupi: 7, pamoja na moja, 8. Makarov ya Kirusi: 8 kwenye magazini. Beretta 92: 15. Glock 17: 17. Rivolva za kawaida: 6. Kwa zile zinazomwaga, tumia muda badala ya idadi. AK-47 hutoa karibu risasi 600 kwa dakika, yaani magazini ya 30 huisha kwa sekunde 3 ukibana kifyatulio. MP5, karibu 800 kwa dakika, huisha kwa sekunde mbili na robo. MAC-10 hupita 1,000 kwa dakika, kwa hiyo magazini ya 30 haifiki sekunde 2. Stelingi akimwaga kwa sekunde kumi mfululizo, amemaliza magazini tatu au zaidi bila kubadilisha hata moja. Uwe mwangalifu tu na uhariri. Mara nyingi tukio moja huonyeshwa kwa kamera mbili na risasi ileile ukaisikia mara mbili. Hesabu zile ambazo mtutu na ganda linaloruka vinaonekana pamoja.

Ubadilishaji wa magazini ndio mtihani wa kweli. Aliyefundishwa hupeleka kwanza mkono wa pili kwenye magazini mpya, ndipo anabonyeza kitufe cha kuiangusha ile tupu. Hataki kubaki na bastola tupu huku anapapasa mfukoni. Kidole cha shahada hulala mbele ya magazini, ncha yake ikigusa risasi ya juu, kwa sababu kidole hicho ndicho kinachoielekeza kwenye tundu kama unavyonyooshea kitu. Bastola haishuki tumboni. Hubaki mbele ya uso, kwenye usawa wa kidevu, ili macho yaone tundu na chumba kwa pamoja. Mwigizaji asiyefundishwa huangusha magazini, huinamisha kichwa, huanza kutafuta nyingine, na mhariri humwokoa kwa kukata kwenda kwa adui. Ukiona mkato mahali hapo kila mara, umepata jibu lako. Filamu ya kwanza ya John Wick, mwaka 2014, ilipendwa na wapiga shabaha kwa sababu iliacha kamera wazi na kumwonyesha Keanu Reeves akibadilisha magazini ndani ya tukio bila kukatwakatwa.

Kidole cha kifyatulio nacho. Mpaka ameamua kupiga, kidole cha aliyefundishwa hunyooka pembeni mwa bastola, juu ya kifyatulio. Mtu akishtuka, akijikwaa au akishikwa bega, vidole vyote hujikunja pamoja. Kama kimoja kiko kwenye kifyatulio, risasi inatoka. Hapa msiwe wakali kwa filamu za zamani. Nidhamu hii ya kidole ilienea kwa miaka mingi baada ya filamu za kwanza za Bond, na mtu wa mwaka 1962 aliyeweka kidole ndani hakuwa anakosea kwa viwango vya wakati wake. Kadhalika kupiga kwa mkono mmoja. Mtindo wa mikono miwili, macho yakifuata alama za kulengea, ulipata nguvu kutokana na mashindano ya California, alikokuwa akipiga Jack Weaver, askari wa kaunti ya Los Angeles, mwishoni mwa miaka ya 1950. Kabla ya hapo wengi walifundishwa kuchuchumaa kidogo na kunyoosha mkono mmoja. Mafunzo ya Fairbairn na Sykes, waliotoka polisi wa Shanghai wakaja kuwafundisha makomando na majasusi wa Uingereza katika Vita vya Pili vya Dunia, yalikuwa ya aina hiyo kwa umbali wa hatua chache. Connery na mkono wake mmoja ni mtu wa kizazi chake. Mwigizaji wa leo, anayeigiza mtu wa leo, akipiga hivyo kwa adui wa mita 25, huyo hana udhuru.

Ile pozi ya bastola shavuni, mtutu ukitazama dari, ni ya kamera. Mwongozaji anataka uso na silaha viingie kwenye fremu moja ya karibu. Kwenye chumba halisi, mlipuko ungekuwa sentimita chache kutoka sikioni, na kuiteremsha bastola hadi kwenye shabaha kungechukua muda ambao adui anao. Kuilaza upande ni vilevile: alama za kulengea hazitumiki, na maganda, badala ya kurukia kulia, hurukia juu, mengine yakarudi usoni kwa mpigaji. Mtindo wa kuweka kiganja chini ya magazini kama mtu anayeshika kisosi cha kikombe hauzuii mtutu kuruka. Mkono wa pili unatakiwa kuziba nafasi iliyobaki pembeni mwa kishikio. Na gumba likipita nyuma ya slaidi, risasi ya kwanza italipasua. Ukiona gumba limekaa pale na bado anafyatua kwa raha, bastola ile haina slaidi inayosogea.

Kiwambo cha sauti kinahitaji nafasi, maana hapa hata watu makini hudanganyika. Mlio wa bastola ya milimita 9 ni karibu desibeli 160. Kiwambo kizuri hupunguza kama 25 hadi 35. Kinachobaki ni desibeli 130 hivi, sauti ambayo chumba cha pili kitaisikia na mlinzi atageuka. Kazi yake halisi ni kuushusha mlio chini ya desibeli 140, kiwango ambacho mlio mmoja tu unaweza kuharibu masikio, kuuficha mwali usiku, na kumchanganya anayesikiliza asijue umetoka wapi. Kinafanya hivyo kwa kuinasa gesi ya moto ndani ya vyumba vidogo vidogo ipoe na ipungue kasi kabla haijatoka. Hiram Percy Maxim alikipatia hataza Marekani mwaka 1909.

Kiwambo hakigusi mlio wa pili: ule wa risasi yenyewe ikipasua hewa. Sauti husafiri karibu mita 340 kwa sekunde. Risasi ya kawaida ya milimita 9 hutoka kwa zaidi kidogo ya hapo, na hata ukiimeza gesi yote bado kuna mpasuko kama wa mjeledi njia nzima. Ile ya milimita 7.65 ya PPK hutoka kwa kama mita 300, chini ya mwendo wa sauti. Kwa hiyo, katika hili moja, kabastola kadogo kana faida juu ya zile kubwa, na aliyekaita mwanasesere akubali. Kasoro zake ni nyingine. Mtutu wa PPK ya kawaida hauchomozi vya kutosha kufungwa kitu, kwa hiyo lazima uwe mtutu mrefu wenye hesi. Zitafute hesi hizo kabla kiwambo hakijafungwa. Kukifunga ni kuzungusha mara kadhaa, na jasusi anayekigusa kwa mzunguko mmoja akamaliza amebandika bomba tu. Bomba nene huziba alama za kulengea, ambazo kwenye PPK ni ndogo na fupi. Na slaidi bado inagongana, chuma kwa chuma, kila risasi.

Waliotaka ukimya wa kweli walikubali kupoteza kasi. Waingereza, katika Vita vya Pili vya Dunia, walitengeneza Welrod kwa ajili ya wapelelezi wao. Ni bomba lenye kishikio, halina slaidi inayorudi yenyewe. Kila baada ya risasi unazungusha kitufe cha nyuma kwa mkono, unavuta, unasukuma. Ndani yake kulikuwa na visahani vya mpira ambavyo risasi ilivitoboa ikipita, vikazuia gesi, na vilichakaa baada ya risasi chache. Hakuna mwongozaji anayependa kuonyesha hivyo, lakini ndivyo ukimya ulivyogharimu. Rivolva yenye kiwambo nayo iache palepale: kati ya silinda na mtutu pana mwanya, gesi na mlio vinatokea humo. Nagant ya Kirusi ya mwaka 1895 ndiyo inayojulikana kwa kuuziba mwanya huo, kwa kuisukuma silinda mbele nyundo inapokokiwa.

Kuhusu mtu anayerushwa ukutani, chukua kalamu. Risasi ya milimita 9 ina gramu 8 na hutoka kwa mita 350 kwa sekunde. Zidisha: 0.008 mara 350 ni 2.8. Gawa kwa mtu wa kilo 70: sentimita 4 kwa sekunde. Mtoto mdogo akikuegemea anakusukuma zaidi ya hapo. Na msukumo huohuo ndio anaoupata mpigaji mkononi. Kama ungetosha kumrusha adui dirishani, na stelingi angetoka kwa dirisha la upande wa pili. Anayepigwa huanguka palepale ikiwa ubongo au uti wa mgongo umeguswa. Vinginevyo anaweza kuendelea kukimbia, kupigana au kupiga kwa sekunde nyingi kabla damu haijapungua kiasi cha kumwangusha. Kwenye filamu kuna fulana chini ya shati, waya mgongoni, na mtambo wa hewa unaomvuta stanti kwa kishindo. Cheche kwenye kila chuma nazo ni za fataki maalumu, maana risasi iliyotengenezwa kwa madini ya risasi na shaba haitoi cheche hivyo. Mlango wa gari haukingi bastola. Kinachokinga ni injini. Meza ya mgahawa iliyopinduliwa haikingi kitu.

Kabla hujawacheka watengenezaji, elewa wanachokabiliana nacho. Risasi baridi ina baruti bila kichwa. Hakuna kichwa kinachoziba mtutu, kwa hiyo gesi haijengi nguvu ya kuirudisha slaidi, na mafundi hulazimika kuubana mtutu kwa ndani. Bastola zenye mtutu usiosogea kama PPK hukubali matengenezo hayo vizuri. Zile ambazo mtutu hujiinamisha kila risasi husumbua zaidi. Kwa hiyo wakati mwingine silaha imechaguliwa kwa sababu inafanya kazi na risasi baridi, wala si kwa sababu jasusi angeibeba.

Na baridi si salama. Mwaka 1984 Jon-Erik Hexum, mwigizaji wa tamthilia ya kijasusi ya televisheni, aliweka rivolva yenye risasi baridi kwenye panja lake kwa mzaha akafyatua. Shinikizo la gesi lilivunja fuvu na akafa siku chache baadaye. Mwaka 1993 Brandon Lee alikufa akiigiza The Crow. Kwa picha za karibu, watu walikuwa wametengeneza risasi bandia kwa kuondoa baruti kwenye risasi halisi wakaacha fataki ya kwenye kitako. Fataki hiyo ilipogongwa ilisukuma kichwa kikakwama ndani ya mtutu, na hakuna aliyechungulia. Baadaye rivolva ileile ikapakiwa risasi baridi, na gesi yake ikakitoa kile kichwa. Mwaka 2021 Halyna Hutchins, mpiga picha wa filamu ya Rust, aliuawa kwa risasi ya moto iliyoingia miongoni mwa zile za bandia. Risasi bandia nzuri huwa na kigololi ndani, na mtunza silaha huitikisa moja moja sikioni kabla ya kupakia. Au huwa imetobolewa ubavuni. Isiyolia na isiyo na tundu haipakiwi.

Kwa hiyo mwigizaji anapoelekeza mtutu pembeni kidogo ya mwenzake, hilo ni agizo, wala si uzembe, na kamera iliyowekwa kwa pembe ndiyo inayofanya uonekane umenyooka. Siku hizi wengi hutumia bastola za gesi, mwali ukaongezwa kwenye kompyuta. Dalili zake: hakuna ganda linaloruka, moshi hauonekani, kifundo cha mkono hakitikisiki, na mwali hauwaangazii watu walio karibu. Mimi hizo dalili nazisamehe zote. Kidole na magazini sizisamehi, kwa sababu kuvifundisha hakuhitaji baruti.

Mkitaka kipimo cha kulinganisha, tazameni filamu mbili za Michael Mann. Katika Heat ya mwaka 1995 waigizaji walifundishwa na watu waliotoka SAS, kikosi maalumu cha jeshi la Uingereza, Andy McNab na Mick Gould. Katika mapigano ya mtaani Los Angeles mmoja hupiga ili mwenzake asogee, kisha wanabadilishana, na Val Kilmer anabadilisha magazini bila kuacha kusogea. Mann aliutumia mlio uliorekodiwa palepale barabarani, ukigonga maghorofa na kurudi, badala ya milio ya studio. Ndiyo maana unaumiza masikio na haufanani na wa filamu nyingine.

Ya pili ni Collateral ya mwaka 2004, kipande cha kichochoroni, ambapo wezi wawili wamechukua mkoba wa Tom Cruise. Anatumia Heckler & Koch USP ya .45, magazini ya 12, kwa hiyo hesabu haitamsumbua. Wa kwanza amemwelekezea bastola kwa karibu. Cruise anaipangua kwa mkono wa kushoto, wa kulia unafagia koti na kuchomoa, na anapiga silaha ikiwa bado imebanwa ubavuni, kwa sababu akinyoosha mkono mwizi ataushika. Wa pili yuko mbali kidogo. Hapo ndipo mikono miwili inanyooka: mbili kifuani, moja kichwani. Mfuatano huo wapiga shabaha wanauita wa Msumbiji, kutokana na simulizi ya vita vya ukombozi vya huko iliyoenezwa na mkufunzi Jeff Cooper. Zimeni sauti, mkipitishe polepole, na mtazame mahali pamoja tu: kiwiko cha mkono wake wa kulia, pale risasi ya kwanza inapotoka.